Kabla hujanunua pampu ya tatu

Wateja wengi wakifika gerejini kwangu wanaanza na orodha. Plagi zimebadilishwa, koili mbili zimebadilishwa, pampu ya mafuta imebadilishwa, sensa ya oksijeni kuna fundi aliing'oa akasema haina kazi, na gari bado linamisi, yaani injini inaruka mapigo. Wanaitaja kwa uchungu, maana kila kilichomo wamekilipia dukani Gerezani. Namsikiliza mtu mpaka amalize, halafu namuuliza mambo ambayo mara nyingi hakuna aliyemuuliza. Linazima likiwa la baridi au likishapata moto? Tenki likiwa na mafuta ya kutosha au taa ikiwa imewaka? Ukikanyaga ghafla kupanda mlima, au umesimama tu kwenye foleni? Likishazima, linawaka papo hapo au mpaka lipoe? Na mara ya mwisho uliweka mafuta sheli gani?

Mtu akinijibu vizuri, nusu ya kazi imeisha kabla boneti haijafunguliwa.

Gereji yangu iko Kimara, pembeni ya Barabara ya Morogoro. Umeme wa magari nilisomea chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, na mengine nimefundishwa na foleni ya Ubungo. Gari lenye ugonjwa mdogo wa mafuta linaweza kuuficha miezi mingi likiwa linakimbia. Likikaa kwenye foleni saa nzima, jua la saa nane, AC imewashwa, linausema wote.

Nianze na IST ya mwalimu mmoja wa sekondari, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ni IST ya kwanza kwanza, injini 1NZ, gari la kawaida kabisa mjini hapa. Lilifika kwangu likiwa limevutwa kwa kamba.

"Fundi, gari hii imenizimia juu ya daraja la Ubungo. Watu wananipigia honi utafikiri nimeizima makusudi."

"Pole, mwalimu. Ilikuwa imetembea kutoka wapi?"

"Kutoka Mbezi, foleni tupu. Vijana wa bodaboda wakanisaidia kuisukuma pembeni. Nikakaa kama nusu saa, nikapiga starta, ikawaka kama hakuna kilichotokea. Nimefika Kimara imezima tena."

"Na taa ya mafuta?"

Akacheka. "Taa ya mafuta, fundi, si inawaka siku zote?"

Pampu ya mafuta ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili, ya kwanza ya mtumba, ya pili mpya ya kwenye boksi. Kila ikibadilishwa gari linatulia kwa muda, kisha mchezo unaanza upya. Alikuja akiwa tayari kununua ya tatu, na mfukoni alikuwa na namba ya simu ya muuza duka aliyemwambia kwamba safari hii ana "orijino kabisa".

Sasa hapo ndipo mafundi tunapotengana. Gari linalozima likipata moto na kuwaka likipoa linaweza kuwa na matatizo mengi tofauti. Sensa ya kranki ikichoka hufanya hivyo hivyo: ikipata joto inakata, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haioni tena kama injini inazunguka, inafunga moto na mafuta kwa pamoja. Koili nazo hufa kwa joto. Relei pia. Pampu pia. Ukianza kununua kwa kufuata dalili peke yake unapiga ramli, tofauti ni kwamba mganga angalau anaomba kuku mmoja.

Mimi nilifunga geji ya presha. Kwanza unatoa presha iliyomo: unachomoa soketi ya pampu, unawasha gari, unaliacha linywe mafuta yaliyobaki kwenye bomba mpaka lizime lenyewe, kisha unatoa waya hasi wa betri. Ndipo unafungua klipu ya bomba linaloingia kwenye reli ya nozeli, vile vipulizia petroli vya injini, kitambaa mkononi, maana lazima yatatoka kidogo. Unaingiza kiungio cha njia tatu, unarudisha kila kitu, na geji inakaa kwenye hozi ndefu ya petroli. Hozi ya maji au ya gesi ya jikoni hapana, nimewahi kuona watu wakifanya hivyo na sitaki kuona tena.

Kitabu cha Toyota kinataka injini hii iwe na kilopaskali 301 mpaka 347. Geji yangu imeandikwa kwa psi, kwa hiyo mimi natafuta 44 mpaka 50. Gari la baridi lilitoa 46, pale pale, sindano haitikisiki. Fundi mwenye haraka angeishia hapo na kusema mafuta ni mazima. Lakini mwalimu alishaniambia gari halina shida likiwa la baridi, kwa hiyo kipimo cha baridi kilikuwa kinathibitisha tu kwamba hasemi uongo.

Nikaipitisha ile hozi kwenye uwazi wa nyuma ya boneti, geji nikaibana chini ya waipa mbele ya macho yangu, kizima moto nikaweka miguuni kwa kijana wangu, tukaingia barabarani. Tulipanda kuelekea Mbezi, tukageuza, tukaitafuta foleni kwa makusudi. Sindano ikaanza kushuka polepole sana, kiasi kwamba usipoiangalia dakika zote hutaiona. Ikafika 40. Ikafika 35, hapo ukikanyaga gari linasita kidogo kabla halijaitika. Ilipokaribia 25, tukiwa tumesimama, injini ikaanza kutetemeka, ikakata.

Kwa hiyo sensa ya kranki nikaiweka pembeni, koili pembeni, plagi pembeni. Mafuta hayafiki. Lakini kusema mafuta hayafiki si sawa na kusema pampu imekufa, na hapa ndipo waliotangulia walipokatia kona.

Pampu ya IST iko ndani ya tenki, chini ya siti ya nyuma. Unanyanyua siti, unatoa kifuniko, unaiona soketi. Injini ikiwa inanguruma, betri ilikuwa na volti 13.8. Kwenye soketi ya pampu nikapima 10.2. Volti tatu na nusu zimepotelea njiani! Pampu ile hata ingekuwa imetoka kiwandani asubuhi hiyo ingezunguka kivivu tu.

Kutafuta zilikopotelea hakuhitaji mashine ya gharama, kunahitaji mita ya kawaida na waya mrefu. Waya mmoja wa mita unaweka kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye pini ya hasi ya pampu, gari likiwa linawaka. Nikasoma 0.2, upande wa hasi ni mzima. Nikahamia chanya: betri upande mmoja, pini ya pampu upande wa pili. 3.4. Basi ugonjwa uko upande wa chanya. Kutoka hapo unasogea hatua kwa hatua: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kabla ya relei, baada ya relei, mpaka ufike pale namba inaporuka. Kwenye gari la mwalimu iliruka ndani ya soketi yenyewe, sentimita moja tu, kati ya waya unaoingia na pini inayotoka.

Nikaichomoa. Plastiki ya pini ile ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa, imelegea, na kipande cha shaba ndani kimeungua mpaka kimepoteza mbano. Ukikigusa na bisibisi nyembamba kinacheza. Hapo hadithi yote ikaeleweka. Pampu ya kwanza kabisa, iliyokuja na gari, ilichoka ikawa inavuta umeme mwingi kuliko kawaida. Umeme mwingi ukaipasha moto pini, pini ikalegea. Pampu ikatolewa, mpya ikachomekwa kwenye soketi ile ile iliyoungua. Kadiri inavyofanya kazi ndivyo pini inavyopata joto, ikipata joto inazuia umeme zaidi, volti zinashuka, presha inashuka, gari linazima. Ukikaa nusu saa na vijana wa bodaboda pini inapoa, linawaka.

Nilikata soketi pande zote mbili, nikaunga nyingine yenye waya mnene, nikabana kwa pini halisi, nikatia risasi ya kulehemu, nikavalisha mpira wa kubana kwa joto. Pampu yake ile ile ya pili nikaiacha. Presha ikakaa 47 foleni yote, na nilipozima gari nikasubiri dakika tano kuona kama itaporomoka. Kitabu kinakubali isishuke chini ya 21, ilibaki juu sana ya hapo, maana yake valvu ndogo ya ndani inayozuia mafuta yasirudi ni nzima na nozeli hazivuji. Mwalimu hakuamini kwamba bei ya soketi ni ile niliyomtajia. Aliniuliza mara mbili.

Kuhusu ile taa. Sitamsema mtu kwa kuweka mafuta ya elfu kumi, wengi wetu tunaishi hivyo hivyo, na bei zinazotangazwa na EWURA, wadhibiti wa nishati, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hazijali mshahara wako umeingia au bado. Ila ujue kwamba pampu iliyo ndani ya tenki inapozwa na petroli yenyewe. Ukitembea na taa imewaka mwaka mzima, pampu inafanya kazi nusu yake ikiwa hewani, na inavuta takataka zote zilizolala chini ya tenki. Ukiweza, ile elfu kumi iongeze tenki likiwa bado na robo, usisubiri mpaka liwe tupu. Hela ni ile ile, kinachobadilika ni wakati wa kuiweka.

Nije kwenye mashine za kupimia, maana siku hizi kila mtu ana kile kidude kidogo cha bluetooth cha kusoma makosa ya gari alichonunua mtandaoni. Sina ugomvi nacho. Tatizo ni kwamba magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na Toyota nyingi za miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000 zina soketi ya pini 16 inayofanana kabisa na ile ya kimataifa, ila lugha inayozungumzwa ndani si ile kidude kinachoielewa. Unachomeka, kinazunguka, kinakuandikia hakuna mawasiliano. Mteja mmoja alishaambiwa kontroli boksi imekufa na akapewa bei ya nyingine, kumbe kidude ndicho kisichojua Kijapani.

Kwa magari mengi ya namna hiyo kuna njia ya zamani. Unaunga pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mbili, ikapumzika, ikakonyeza tano, hiyo ni 25: mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta machache kuliko inavyotakiwa. 14 ni ishara ya moto wa koili hairudi, na hapo kontroli boksi inaweza kukata mafuta kwa makusudi ili petroli mbichi isimwagike kwenye ekzosi, kwa hiyo mtu anahangaika na pampu wakati shida ni koili. Hesabu pini vizuri lakini. Ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, ukiiunga na ya 4 utanunua fyuzi, kama una bahati.

Na kodi yoyote ya kosa inayotokea, iwe ya kukonyeza au ya P na namba nne, inakuambia kontroli boksi imeona nini. Haikuambii ununue nini. P0171 ndiyo inayoongoza kwa kuwatia watu hasara: maana yake hewa ni nyingi mafuta ni machache, na mtu anakimbilia sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi, kwa sababu ndiyo iliyotoa taarifa. Ni kama kumfukuza kazi mlinzi kwa kosa la kupiga kelele za mwizi.

Kulikuwa na kaka mmoja, dereva wa mtandaoni, mwenye Premio. Alikuwa ameshanunua sensa mbili. Nilipochomeka mashine sikuangalia kodi, nilienda moja kwa moja kwenye asilimia za marekebisho ya mafuta. Kontroli boksi inapiga hesabu yake ya mafuta kufuatana na hewa inayoingia, ikilenga gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, kisha sensa ya oksijeni inairudishia majibu, nayo inaongeza au inapunguza kwa asilimia fulani. Ikicheza ndani ya kumi juu au kumi chini silali macho. Premio ile ikiwa imesimama inanguruma ilikuwa inaongeza 28. Nikakanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka mpaka 6.

Namba hizo mbili zikiwa pamoja zinasema kitu kimoja. Hewa ya wizi inaingia baada ya koo la hewa, kile kilango kinachofunguka ukikanyaga. Injini ikiwa imesimama inanyonya kwa nguvu na inapumua kidogo, hivyo tundu dogo linaleta fujo kubwa. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani. Ingekuwa kinyume chake, yaani namba ndogo gari likiwa limesimama na kubwa ukiwa unapanda mlima, ningeanza kufikiria pampu dhaifu, chujio lililoziba, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Nikachukua dawa ya kusafishia kabureta, nikapuliza kidogo kidogo kuzunguka mifereji ya hewa, injini ikiwa haijapata moto sana. Nilipofika kwenye mkunjo wa ile hozi ya mpira ya kupumulia injini, mngurumo ukabadilika. Mpira ulikuwa umekauka kwa joto, umepasuka upande wa chini ambao jicho halifiki. Hozi ikabadilishwa, 28 ikawa 3. Sensa zake mbili za oksijeni anazo mpaka leo ndani ya droo ya gari, ananiambia anazitafutia mteja.

Sensa ya hewa nayo, ukiisafisha, tumia dawa yake na usiiguse kwa kidole wala kwa pamba. Ule waya wa ndani ni mwembamba kuliko unavyodhani.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Watu wa umri wangu wanakumbuka enzi za kuchakachua, petroli na dizeli zikichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo. EWURA walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, biashara ile ikapoteza utamu. Kwa ninavyoona mimi kwenye meza yangu, siku hizi mafuta ya taa yamepungua sana, adui mkubwa ni maji na uchafu, hasa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, maji yanapotafuta njia ya kuingia kwenye matenki ya chini ya ardhi.

Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha nililetewa Noah, Vitz na bodaboda, zote zimezima umbali mfupi kutoka sheli ile ile. Huhitaji mashine hapo. Chukua chupa ya kioo ya soda, safi na kavu, toa mafuta kutoka kwenye bomba la mbele mpaka chupa ifike robo tatu, iweke mahali patulivu dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, yatashuka, na utaona mstari umejichora katikati kama umepigwa rula. Chupa ya Noah ilikuwa na vidole viwili vya maji. Na pampu inanyonya kutoka chini, kwa hiyo gari linakunywa maji kwanza kabla halijaonja petroli.

Ikikukuta hiyo usiendelee kupiga starta. Kila mzunguko unasukuma maji mbele zaidi, mpaka kwenye nozeli, na maji yakilala humo kutu inaanza. Gari livutwe, tenki limwagwe lote, bomba na reli zipulizwe, chujio libadilishwe. Ile chupa usiimwage, na risiti ya EFD ya sheli usiitupe, maana bila hivyo viwili ukienda kulalamika utaambiwa maji umeweka mwenyewe. Wale watatu, aliyekuwa na risiti ni kijana wa bodaboda peke yake, na ndiye aliyerudishiwa hela.

Ukishuku mafuta ya taa, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe na uliache kivulini. Petroli safi inaondoka yote, karatasi inabaki karibu kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa inaacha doa la grisi. Na gari lenyewe litakuambia: asubuhi linasumbua kuwaka, plagi zinatoka nyeusi zenye masizi makavu, na ukipanda mlima injini inagonga kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo.

Kabla sijafika kwenye injini za D4 za Toyota, neno moja kuhusu masega, ile sehemu ya ekzosi inayosafisha moshi. Gari likikosa nguvu polepole kwa wiki kadhaa, linakimbia mpaka themanini halafu linagoma, presha ya mafuta ni nzima, hewa ni nzima, angalia masega ya ekzosi kama hayajaziba. Ninavyopima mimi, nafungua sensa ya oksijeni ya mbele, naliacha tundu wazi, naliendesha kidogo na kelele zake. Nguvu zikirudi, jibu limepatikana. Lakini uliza pia kwa nini yaliziba. Mara nyingi gari lilikuwa linamisi muda mrefu, petroli isiyoungua ikaenda kuungulia kwenye masega ikayayeyusha. Ukitoa masega ukaacha koili mbovu, hujatibu.

D4 sasa, kwa sababu najua nitaulizwa. Nazungumzia zile Noah na Voxy za 2001 mpaka 2007 zenye 1AZ-FSE, Premio za 2.0, RAV4, na ndugu yao mkubwa 3S-FSE. Kwenye injini ya kawaida nozeli inapuliza petroli nje ya valvu kwa presha ya bar tatu hivi. D4 inapuliza ndani ya silinda kabisa, zaidi ya bar 80, na kwa hiyo ina pampu mbili: ya kwenye tenki, na nyingine ya presha kubwa inayoendeshwa na kamshafti. Si injini mbaya kama watu wanavyoivumisha. Inachotaka ni mafuta safi na fundi anayepima, na kwetu vyote viwili ni vya kubahatisha.

Mambo mawili ndiyo yanayoisumbua. La kwanza, petroli haipiti tena kwenye mgongo wa valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo hakuna cha kuziosha, masizi yanajijenga mpaka njia ya hewa inakuwa nyembamba. Gari linatetemeka likisimama na hakuna sensa itakayokuambia. Hapo unafungua mifereji ya hewa unaangalia kwa tochi. La pili ni pampu ya presha kubwa. Sili zake zikichoka petroli inavujia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili, ukiona kiwango kimepanda badala ya kushuka na ukinusa unasikia petroli, usiendelee kuendesha hata kama gari linakwenda vizuri, maana oili iliyochanganyika na petroli haishiki beringi.

Wengi wanaletwa kwangu wakiwa wameshaamua kung'oa injini na kuweka 1AZ-FE isiyo ya D4. Nimeshafanya kazi hiyo na nitaifanya tena mtu akitaka. Ila ukijumlisha injini, waya, kontroli boksi na siku za gari kulala, mara nyingi kusafisha valvu na kubadilisha pampu moja kunakuwa nafuu, kama kweli pampu ndiyo mbovu.

Kwa hiyo mwenye Noah ya D4 anayetaka niitazame, ailete jioni ilale hapa. Nataka kuiwasha mwenyewe asubuhi ikiwa ya baridi kabisa, oili niipime kabla haijazungushwa. Tenki liwe na angalau robo. Na tafadhali msipitie kuosha injini mkija. Petroli inapovuja inaacha alama yake kwenye vumbi, na mkishaliosha lile vumbi mnanilazimisha kusubiri lijae upya.